Nafuu si Kupona: Kisukari na Shinikizo la Damu Kutoka Kitale Hadi Bungoma

Haya ni maandishi kamili ya hotuba iliyoandaliwa kusomwa katika mabaraza ya wananchi na siku za kliniki ya kisukari na shinikizo la damu, upande wa Kitale na upande wa Bungoma. Yanachapishwa hapa ili wale ambao hawakuhudhuria wayasome nyumbani, na vijana wawasomee wazee wao.



Mwezi wa tatu mvua inapoanza, kila nyumba katika Trans Nzoia na Bungoma huwa na hesabu ileile: mbegu, mbolea na trekta. Ndiyo maana hotuba hii inaanza na mkulima. Hana jina kwa sababu yeye ni mfano tu, lakini kila mhudumu wa kliniki atamtambua.

Mkulima huyu anaishi Kiminini na ana miaka 54. Miaka minne iliyopita aliambiwa ana presha. Mwaka uliofuata akaambiwa sukari nayo imepanda. Alipewa dawa, akazimeza kama alivyoelekezwa. Kichwa kikaacha kumuuma, kiu ikaisha, na safari za kwenda choo usiku zikapungua. Mwishoni mwa mwezi wa pili dawa ziliisha. Akapiga hesabu. Upande mmoja kulikuwa na nauli ya Kitale, bei ya dawa na siku nzima kwenye foleni. Upande wa pili kulikuwa na mfuko wa mbolea. Kisha akaupima mwili wake kwa namna ambayo wengi huupima: alijisikia vizuri. Akanunua mbolea.

Mahindi yalimea vizuri. Mwezi wa saba, asubuhi moja, mkulima huyo alishindwa kufunga vifungo vya shati. Mkewe akamwuliza jambo, maneno yakamtoka yakiwa yamevurugika. Jirani akasema huenda ni baridi, alale kidogo. Walifika hospitali jioni.

Hotuba hii ina jambo moja la kusema, na mkisahau mengine yote, mlishike hili: nafuu si kupona. Kwa mgonjwa wa kisukari au wa presha, siku anayojisikia vizuri ni siku ambayo dawa inafanya kazi. Akiiacha, mwili hautamwonya mapema. Utanyamaza kwa miezi, pengine kwa miaka, huku uharibifu ukiendelea.

Magonjwa yasiyopiga hodi

Mwaka wa 2015 serikali ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani. Watu wazima wa umri wa miaka 18 hadi 69 walipimwa na kuhojiwa. Takriban watu 24 kati ya kila 100 walikutwa na shinikizo la damu lililopanda. Lakini watu 56 kati ya 100 walisema hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata siku moja maishani. Kwa sukari hali ilikuwa mbaya zaidi: watu 88 kati ya 100 hawakuwa wamewahi kupimwa. Na kati ya wale waliokutwa na presha ya juu, zaidi ya 90 kati ya 100 hawakuwa wakitumia dawa.

Tazameni watu walioketi katika baraza hili. Kama hapa kuna watu wazima 100, huenda zaidi ya 20 wana presha, na baadhi yao walikuja leo kwa miguu wakicheka na wenzao. Presha haipigi hodi. Wengi husema, “Mimi sina presha, kichwa hakiniumi.” Kichwa hakipimi presha. Kinachopima presha ni mashine.

Kipimo cha presha hutolewa kwa tarakimu mbili. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unasukuma. Ya chini ni nguvu ya damu wakati moyo unapumzika kati ya pigo na pigo. Mtu akipimwa zaidi ya mara moja, katika siku tofauti, na akapatikana na 140 kwa 90 au zaidi, huhesabiwa kuwa ana shinikizo la damu. Kabla ya kupimwa aketi atulie kwa dakika tano, mgongo uegemee kiti, miguu ikanyage chini na mkono uwe usawa wa moyo. Aliyetoka mbio kwenye bodaboda, au aliyevuta sigara muda mfupi uliopita, asubiri kwanza.

Sukari hupimwa kwa tone la damu la kidoleni au kwa damu ya mshipani. Kabla ya kula asubuhi, kipimo cha 7.0 au zaidi ni dalili ya kisukari, nacho hurudiwa ili kuthibitisha. Kipo pia kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Hiki ni muhimu kwa wale wanaokula mboga na kuacha soda siku mbili tu kabla ya kliniki ili kumfurahisha daktari. Daktari hufurahi siku hiyo, lakini mishipa ya damu inakumbuka miezi mitatu.

Kwa nini magonjwa haya mawili ni hatari zaidi yakiwa pamoja

Kisukari na presha hupenda kukaa nyumba moja. Mtu mwenye kisukari yuko katika hatari kubwa ya kupata presha, na mengi yanayoleta mojawapo huleta nyingine: uzito uliozidi, hasa tumboni, kutofanya mazoezi, umri, na damu ya ukoo.

Fikirieni bomba la kunyunyizia maji shambani. Maji yakisukumwa kwa nguvu kupita kiasi kila siku, bomba huchoka. Maji yenyewe yakiwa na kitu kinachokwaruza, bomba huchakaa kwa ndani. Sasa fikirieni yote mawili yakitokea kwa wakati mmoja, mchana na usiku. Presha ndiyo nguvu inayozidi. Sukari iliyopanda ndiyo inayokwaruza. Na mishipa ya damu iko kila mahali mwilini, kwa hivyo madhara yake hayachagui kiungo.

Ubongo. Mshipa ukiziba au ukipasuka ndani ya ubongo, hicho ndicho kiharusi. Mtu anaweza kupooza upande mmoja, kupoteza usemi au kufa. Presha isiyodhibitiwa ndiyo sababu kubwa kuliko zote.

Moyo. Moyo unaosukuma damu dhidi ya nguvu kubwa kwa miaka mingi hunenepa kuta zake, kisha huchoka. Miguu huvimba, pumzi hukatika mtu akipanda kilima kidogo, na usiku hawezi kulala bila mito miwili au mitatu. Mishipa inayolisha moyo wenyewe ikiziba, ni mshtuko wa moyo. Mwenye kisukari anaweza kupata mshtuko wa moyo bila yale maumivu makali ya kifua ambayo watu hutarajia. Huenda akahisi uchovu wa ghafla, jasho na kukosa pumzi tu.

Figo. Figo ni vichujio viwili vya damu, na vimejaa vimishipa vidogo sana. Vikiharibika havitoi kelele. Mtu huja kujua figo zimechoka wakati uso na miguu vimevimba, hamu ya chakula imekwisha na kichefuchefu hakimwachi. Wakati huo huenda kilichobaki ni kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara mbili au tatu kila wiki, maisha yote, au kupandikizwa figo. Kila familia hapa inajua nyumba moja iliyouza ng'ombe, kisha shamba, kisha ikaitisha mchango. Kipimo kidogo cha mkojo, cha kuangalia protini, kinaweza kuonyesha tatizo hilo miaka mingi mapema, wakati bado dawa inaweza kusaidia.

Macho. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha, nao hulishwa na vimishipa vidogo. Sukari na presha huvifanya vivuje damu. Mtu huona kama vitone vyeusi vinaelea, kisha pazia. Upofu wa namna hii mara nyingi huzuilika ukigunduliwa mapema. Kila mwenye kisukari anatakiwa kupimwa macho angalau mara moja kwa mwaka, hata kama bado anasoma Biblia au Kurani bila miwani.

Miguu ya mkulima

Kiungo cha tano kinahitaji nafasi yake, kwa sababu katika kaunti hizi watu wengi hutafuta riziki kwa miguu yao.

Sukari iliyopanda kwa muda mrefu huua mishipa ya fahamu ya miguuni. Mwanzo mtu huhisi ganzi, au kama sisimizi wanatembea kwenye nyayo, au moto usiku. Baadaye hahisi chochote. Anaweza kuvaa gamboti lenye changarawe ndani, akapalilia siku nzima, na jioni akakuta soksi imelowa damu. Anaweza kuota moto jikoni katika baridi ya Endebess au Kapsokwony na kuungua kidole bila kujua. Kidonda hicho hupona polepole kwa sababu damu haifiki vizuri, na wadudu hupenda sukari. Mara nyingi safari ya kukatwa mguu huanza na kidonda ambacho mwenyewe alikiita kidogo.

Kinga yake haina gharama. Kila jioni nawa miguu kwa maji ya vuguvugu, na mtu mwingine mwenye hisia mikononi ayajaribu kwanza. Kausha katikati ya vidole. Tazama nyayo; kama mgongo haukunjiki, tumia kioo au mwite mjukuu aangalie. Kung'uta gamboti kabla ya kuvaa. Usitembee pekupeku, hata uani. Usikate sugu kwa wembe. Ukiona kidonda, malengelenge au ngozi iliyobadilika rangi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri siku ya soko.

Sahani, kikombe na sherehe

Wengi huogopa kliniki kwa sababu wanadhani watakatazwa ugali. Hakuna atakayewakataza watu wa Kitale kula mahindi. Kinachoombwa ni kipimo. Sahani igawanywe: nusu iwe mboga, robo iwe maharagwe, omena, yai, samaki au nyama isiyo na mafuta mengi, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, viazi au chapati. Mboga zetu zinatosha: mrenda, saga, managu, kunde, sukumawiki, majani ya maboga. Ugali na chapati zikikutana katika sahani moja pamoja na viazi, hiyo ni wanga mara tatu, hata kama kila kimoja kinaonekana kidogo.

Kikombe nacho kihesabiwe. Anayekunywa chai vikombe vitano kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, amekula vijiko 15 vya sukari kabla ya kugusa soda. Muwa pia ni sukari, hata kama umekatwa shambani kwako. Juisi ya matunda hupandisha sukari haraka kuliko tunda lenyewe.

Kwa mwenye presha, adui mkubwa mezani ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na chumvi iliyo ndani ya mkate, vibanzi vya pakiti na viungo vya mchuzi vya dukani. Magadi yanayotiwa kwenye maharagwe na mboga ili ziive haraka yana sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi. Kuloweka maharagwe usiku kucha hufanya kazi hiyo bila madhara.

Busaa na chang'aa hupandisha presha. Kwa anayetumia insulini au vidonge vya sukari, pombe bila chakula inaweza kuishusha sukari mpaka akazimia, na walevi wenzake wakadhani amelewa tu. Mwezi wa nane wa miaka inayogawanyika kwa mbili, wakati wa tohara upande wa Bungoma, watu hukesha, hula na kunywa siku kadhaa mfululizo. Sherehe ni za ukoo na hakuna anayetaka zife. Lakini mjomba mwenye presha anaweza kucheza na dawa zake zikiwa mfukoni, na mwenye nyumba anaweza kumtengea sahani yake.

Mwendo pia ni dawa. Dakika 30 za kutembea haraka, siku tano kwa wiki, hutosha kuanzia. Anayelima kwa jembe ameshafanya sehemu yake wakati wa msimu. Hatari huja baada ya kuvuna, wakati mwili umekaa na chakula kiko tele. Tumbaku iachwe kabisa, kwa sababu nayo huiharibu mishipa ileile.

Somo ambalo eneo hili limeshajifunza

Kuna wanaosema haiwezekani mtu kumeza dawa kila siku maisha yake yote. Eneo hili limeshathibitisha kwamba inawezekana.

Mwaka wa 2001, Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, pamoja na vyuo vikuu vya Marekani vikiongozwa na Indiana, walianzisha mpango wa AMPATH ili kupambana na Ukimwi. Mpango huo ulienea magharibi mwa Kenya, Kitale na Webuye zikiwemo. Watu waliokuwa wakibebwa kwa machela walianza kumeza dawa kila siku, wakasimama, wakarudi shambani, wakasomesha watoto. Walifundishwa jambo moja bila kuchoka: hata ukijisikia vizuri, usiache. Wakaelewa. Leo wapo miongoni mwetu, wengine wana wajukuu.

Baadaye AMPATH iliongeza huduma za presha na kisukari. Ilisaidia vituo vya umma kuanzisha maduka ya dawa yenye mfuko wa mzunguko, ambapo fedha za dawa zilizouzwa hununua dawa nyingine, ili mgonjwa asirudi mikono mitupu pale dawa za kituo zinapokwisha. Pia ilijaribu kuunganisha kliniki na vikundi vya akiba: wanachama hukutana kijijini, hupimwa presha na sukari, huzungumza na mhudumu, kisha huweka akiba na kukopeshana. Hilo ni jambo ambalo chama chochote cha hapa kinaweza kuliiga. Mkutano wa mwezi unaweza kuanza kwa kupimwa kabla ya kuhesabu pesa.

Gharama ni jambo la kweli na halifai kufichwa. Dawa za Ukimwi hutolewa bure. Za presha na sukari mara nyingi mgonjwa huchangia. Zipo siku ambazo mtu hufika kituoni akaambiwa dawa fulani haipo. Siku hiyo asiende nyumbani kimya. Amwombe mhudumu amwandikie dawa ya jina la kawaida, ambayo ni nafuu kuliko ile ya jina la kampuni na hufanya kazi ileile. Aulize ni kituo kipi jirani kinayo. Kama fedha hazitoshi dawa zote, amwambie mhudumu waziwazi, wapange pamoja. Asijikatie mwenyewe, asimeze kimoja leo na kingine kesho kutwa, wala asiazime dawa za jirani.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF. Kujisajili ni kwa simu kwa kubonyeza *147#, au kwa kusaidiwa na mhamasishaji wa afya ya jamii. Aliyejisajili anastahili huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya bila kulipa hapo. Kwa hospitali kubwa, mchango wa familia isiyo na mshahara huanzia shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye presha au kisukari asingoje alazwe ndipo ajisajili.

Dawa zenye urafiki wa uongo

Ndugu wananchi, kuna vidonge na sindano za maumivu ambazo hununuliwa dukani kama peremende, hasa diklofenaki na ibuprofeni. Mkulima akiumwa na mgongo hununua, akapata nafuu, akarudi kesho. Dawa hizi zikitumiwa mara kwa mara hupandisha presha na kuumiza figo. Mwenye magonjwa haya amuulize mhudumu kabla ya kuzimeza.

Wengine hutumia mitishamba, na wengine huombewa. Maombi na dawa havigombani. Mtu anaweza kuombewa asubuhi na kumeza dawa jioni. Mwenye kutumia mitishamba amwambie daktari bila aibu, kwa sababu baadhi ya majani hushusha sukari au huingiliana na vidonge. Hatari iko pale mtu anapoambiwa amepona, akatupa dawa zake, bila kupimwa.

Mpaka wa kaunti na kadi ya kliniki

Kutoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye na Bungoma, ni barabara ya ndugu. Mtu huishi Kitale na kuzikia Chwele. Hulima Naitiri na kuhudhuria kliniki Kiminini. Wengi huishiwa na dawa wakiwa matangani: walidhani ni siku mbili, zikawa saba.

Kwa hivyo anayesafiri abebe dawa za siku zaidi ya zile alizopanga, na zikae kwenye mkoba wa mkononi. Insulini isiachwe juani wala juu ya dashibodi ya matatu. Nyumbani isiyo na friji, chungu chenye maji au mahali pa baridi penye kivuli panasaidia. Kadi ya kliniki isafiri na mwenyewe, au aipige picha kwa simu. Akifika kituo chochote, Bungoma au Trans Nzoia, aionyeshe. Mhudumu akiona majina ya dawa na vipimo vya mwisho, atamsaidia bila kukisia.

Dharura mbili za kukumbuka

Ya kwanza ni sukari kushuka. Hutokea mgonjwa akimeza dawa au akijidunga insulini kisha asile, au akifanya kazi nzito kuliko kawaida. Hutetemeka, hutoka jasho jembamba, moyo hudunda, huchanganyikiwa au huwa mkali bila sababu. Mpeni haraka vijiko vitatu vikubwa vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, mpeni tena. Akitulia, ale. Akizimia, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Ya pili ni kiharusi. Mwambieni mtu atabasamu: je, uso umependa upande mmoja? Ainue mikono yote miwili: je, mmoja unaanguka? Aseme sentensi moja: je, maneno yamevurugika? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linamaanisha safari ya hospitali saa hiyohiyo. Msimpe chakula, maji wala dawa ya kumeza, kwa sababu anaweza kupaliwa. Kila dakika inayopita, sehemu ya ubongo hufa. Yule jirani wa mkulima wa Kiminini hakuwa mtu mbaya, hakujua tu.

Watoto na akina mama wajawazito

Kisukari si cha wazee peke yao. Mtoto anayekunywa maji kupita kiasi, anayekojoa kitandani baada ya kuacha, anayekonda ghafla na kutapika, huenda mwili wake umeacha kutengeneza insulini. Katika eneo letu la malaria, mtoto kama huyo hupewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani, na siku mbili baadaye hupoteza fahamu. Mzazi aombe mtoto apimwe sukari pia. Ni tone moja la damu. Kabla ya insulini kutumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza, Toronto, Canada, mwezi Januari 1922, watoto hao walikufa. Leo, wakipata insulini kila siku, wanasoma, wanaoa na kuolewa.

Mama mjamzito apimwe presha kila anapohudhuria kliniki. Kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu, maumivu ya tumbo upande wa juu na uso kuvimba ni dalili za hatari kwake na kwa mtoto. Aliyepata kisukari au presha katika ujauzito aendelee kupimwa baada ya kujifungua, kwa maana hatari yake haikuishia leba.

La kufanya wiki hii

Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya kazi na serikali tangu Septemba 2023 wana mashine ya presha na kifaa cha kupima sukari. Wako vijijini, wanajulikana kwa majina. Kila mtu mzima aliye hapa apimwe. Mwenye kadi aitazame tarehe ya mwisho ya kliniki; kama imepita, arudi bila kuogopa kukemewa. Kila nyumba yenye mgonjwa ichague mtu mmoja, hata mtoto wa darasa la sita, wa kuuliza kila jioni: “Dawa umemeza?” Na wakati wa kugawanya pesa za mbegu na mbolea, dawa za miezi mitatu ziingie kwenye hesabu hiyohiyo, kwa sababu shamba halilimwi na mkono uliopooza.

Mkulima wa Kiminini, katika mfano huu, aliishi. Mguu ulirudi, anatembea na fimbo. Mkono wa kulia haujarudi wote, na mkewe ndiye humfunga vifungo. Sasa humeza dawa zake kila jioni, taarifa ya habari inapoanza redioni. Akiulizwa na wenzake anajisikiaje, hujibu kwamba anajisikia vizuri, na ndiyo sababu hajaacha.

Mashine ziko mezani. Foleni ianze na wale ambao hawajawahi kupimwa.